Kifusi Hupelekwa Wapi

Kinanda aliitwa hivyo kwa sababu popote ulipomgusa alitoa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa tamu. Siku hiyo alikuwa amekaa dukani kwa fundi wa redio, ingawa hakuwa na redio. Alifuata feni ya bure. Kichwani alikuwa na jambo moja tu: friji la milango miwili. Baada ya miaka minne ya uchumba na ahadi, mama mkwe wake mtarajiwa alikuwa ametamka kwamba Jumamosi friji liingie nyumbani kwake, la sivyo Kinanda asiingie tena. Rangi hakutaja. Hapo tu ndipo alipomhurumia.

Mezani kwa fundi paliwashwa televisheni iliyokuwa ikijaribiwa, na mbele yake, juu ya ndoo iliyogeuzwa, alikaa mama mmoja, mkunga mstaafu, akigombana nayo. Kilikuwa kipindi cha watu wanaonunua nyumba mbovu na kuzikarabati.

"Ukuta tena! Hawa watu kuta zimewakosea nini? Na hao mke na mume wanazungushwa nyumba tatu eti wachague, na walishanunua zamani. Makochi yao si hayo nayaona dirishani!"

Fundi hakuinua kichwa. "Mama, kila siku unalalamika. Si uache kutazama?"

"Nikiacha nitalalamikia nini? Mwone mtangazaji! Kapiga nyundo moja, kacheka, kaondoka. Wanaomaliza kazi ni wengine. Halafu kifusi! Miaka yote hii, mtu aniambie kifusi hupelekwa wapi. Hawaonyeshi hata siku moja. Wanakwenda kwenye matangazo, wakirudi kimeyeyuka, na wanaanza kutusimulia upya tulichokiona sasa hivi."

Kinanda alitega sikio. Alikuwa na kanuni, na watu wanaoishi kwa ulimi huheshimu kanuni zao kuliko mahakimu: mtu anayegombana na televisheni ni mtu anayeiamini. Kanuni hiyo ilikuwa na kasoro moja, lakini kasoro za kanuni huonekana baadaye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeuzunguka mji mzima namtafuta mtu mwenye malalamiko kama yako."

Kesho yake asubuhi alibisha hodi kwa mkunga, amevaa koti, na nyuma yake mpiga picha, rafiki yake wa siku nyingi. Kamera ilikuwa kubwa na ya kuheshimika. Vyuma vya ndani vilikuwa vimekwisha kutolewa, kwa hiyo mpiga picha aliitumia kuhifadhia mkate.

Kinanda aliingia sebuleni akaliona. Pembeni, kimya, liling'aa friji la milango miwili.

Sebule yenyewe ilikuwa nusu. Ukuta wa matofali usiopigwa lipu ulipita katikati na kulikata dirisha vipande viwili. Kinanda hakuuliza ukuta ule ulitoka wapi, maana macho yake yalikuwa na shughuli nyingine. Tuulize sisi kwa niaba yake.

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba. Aliwaachia mkunga na mdogo wake wa kiume, fundi cherehani, na miaka tisa iliyopita ndugu hao waligombana juu ya nani akalie kiti cha mzee. Wakajenga ukuta. Bafu likabaki kwa dada. Jiko na mita ya umeme vikabaki kwa mdogo. Tangu hapo dada alipikia barazani na kutazama televisheni za watu, na mdogo alioga kwa jirani. Tena walikula kiapo mbele ya ukoo: atakayeubomoa ukuta, au kumtuma mtu aubomoe, amepoteza fungu lake la nyumba. Hasira ziliisha mwaka wa pili. Kiapo hakikuisha. Mkunga sasa alikuwa na miaka sabini, na alichokitaka duniani ni kula meza moja na mdogo wake kabla mmoja wao hajazikwa.

"Kipindi chetu kinaitwa Nyumba Mpya, Chozi Jipya," Kinanda alisema. "Vyombo vinakwenda stoo ya kituo chetu cha televisheni, wewe unakwenda kwa ndugu siku tatu, ukirudi tunakufumbua macho, unalia. Tuanze na friji."

"Hapana. Vipindi vyote huanza na ukuta. Ukuta kwanza, vyombo baadaye. Na nyundo ushike wewe mwenyewe, mpaka mwisho."

"Lakini mama, mimi ni mtangazaji."

"Basi nenda salama. Nitaendelea kuwatazama wenzako."

Kinanda alilitazama friji. Akamwona mama mkwe nyuma yake, amekunja mikono. "Mama, nakuomba. Niruhusu niubomoe ukuta huu."

"Mimi sijakutuma."

"Hujanituma. Nakubembeleza."

"Sema kwa sauti. Majirani hawajasikia."

Majirani walikuwa wameshajaa mlangoni na madirishani. Kinanda aliweka mkono kifuani, akaugeukia ule mkate, akabembeleza kwa sauti ya kutangaza vita.

Nyundo ya kwanza alipiga akacheka. "Endelea," mkunga alisema. Ya kumi hakucheka. Kufikia saa sita koti lilikuwa limegeuka unga, na viganja vimeota malengelenge makubwa ajabu. Akaona apumzike kitaalamu.

"Kama mlivyoona, watazamaji, tulianza na..."

"Tumeona!" mkunga alifoka. "Piga!"

Ukuta ulianguka saa tisa. Vumbi lilipotulia, upande wa pili alionekana mzee ameketi kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, uzi mdomoni.

"Nani kabomoa?"

"Mimi, mzee."

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa na mtu! Nimekuja mwenyewe, nimebembeleza!"

"Mmesikia?" mkunga aliwauliza majirani.

"Tumesikia!"

Fundi cherehani aliutoa uzi mdomoni. Alimtazama dada yake.

"Dada, umekula?"

"Bado. Na wewe umeoga?"

Walikumbatiana juu ya matofali wakalia kama watoto. Majirani walilia. Mpiga picha alijuta, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, kwamba ndani ya kamera mlikuwa na mkate.

Kinanda alisubiri kwa adabu, kisha akakohoa. "Na friji, mama?"

Mkunga alijifuta macho. "Ahadi ni deni. Njoo kesho asubuhi. Tutalifunga vizuri lisifunguke njiani."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Friji lilikuwa limezungushwa kamba kama mhalifu, na lilihitaji wanaume wanne kulipandisha garini. Sebule nzima ilikuwa imefagiliwa, hakuna hata punje ya mchanga, na katikati palitandikwa meza ya watu wawili. Kinanda hakuuliza chochote.

"Mbona zito hivi?" mpiga picha alilalamika.

"Kitu bora hakiwi chepesi."

Mama mkwe alikuwa anangoja mlangoni na mashangazi watatu. Friji liliingizwa ndani, kamba zikakatwa, na Kinanda, kwa madaha, akafungua milango yote miwili kwa pamoja.

Kifusi kilimwagika. Kilitoka cha chini, kikafuata cha juu, kikajaa juu ya viatu vya mashangazi. Kwa nyuma, panapokaa mashine, palikuwa na tundu tupu. Mkunga alikwisha kumuuzia fundi wa redio mashine hiyo miaka minane iliyopita, baada ya kukaa mwaka mzima bila umeme. Kumbe ndiko kinakopelekwa, Kinanda aliwaza.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alikitazama kifusi, akamtazama mkwe. Kisha akamshika mkono, akaugeuza, akayaona malengelenge.

"Miaka minne unaniambia unafanya kazi," alisema polepole. "Leo ndiyo nauona ushahidi. Habari ya friji tutaizungumza baadaye. Jikoni kwangu kuna ukuta unaninyima hewa, na nyundo iko nyuma ya mlango."

Kinanda aliutafuta ulimi wake, akaukuta. "Kama mlivyoona..."

"Tumeona," mama mkwe alisema. "Piga."