Ombi la Kumfelisha Mke Wangu Mtihani wa Jumamosi

Kwa Mwalimu wa Taekwondo,
Ukumbi wa juu ya duka la vioo.

Mwalimu, heshima yako kwanza, malalamiko baadaye. Mimi ni seremala wa mtaa wa nyuma, yule unayemwagiza mbao za kuvunjwa kwenye mitihani. Mke wangu, fundi cherehani, ni mwanafunzi wako wa mkanda wa njano. Naomba kwa unyenyekevu umfelishe Jumamosi, kwa sababu hizi:

1. Mnawafundisha kuinamiana kabla ya kupigana. Zamani tukikosana alinuna siku mbili, nami nikapumzika. Siku hizi ananiinamia kwanza, kwa adabu zote, na mtu akishakuinamia hivyo unakumbuka kwamba mwenye kosa ni wewe.

2. Kila teke lina ukelele wake. Juzi alifunga kabati la jikoni kwa mguu, huku akipiga ukelele huo. Mteja wangu aliacha meza aliyokuja kuichukua, akaniuliza kama humu ndani kuna amani. Nikamjibu kuwa ipo, ila ina mazoezi.

3. Nilimshitaki kwa mama mkwe. Kumbe kesi ya nyani, hakimu ngedere! Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akauliza darasa la wanaoanza ni siku gani. Suruali yake nyeupe imeshashonwa. Nimeiona kwenye kamba.

4. Hili ndilo lenyewe. Kila jioni alikuwa akileta ushonaji wake karakanani, anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, analalamikia vumbi langu huku nikipiga randa. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Sasa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kigoda kitupu. Nimeanza kubishana na randa, nayo hainijibu. Ninamkosa, Mwalimu, na siwezi kumwambia.

Kwa hiyo akishindwa atakata tamaa, atarudi kigodani. Akipata mkanda wa kijani, hashikiki tena.

Nisalimie ukumbi mzima, hasa yule kinyozi anayeanguka kabla hajapigwa.

Ni mimi, mume wa mwanafunzi wako,
Seremala.

Tanbihi: Mbao za Jumamosi ziko tayari. Yenye alama ya penseli pembeni ni yake. Nimeitafuta wiki nzima, haina fundo hata moja, na nimeipunguza kwa randa mpaka imekuwa nyepesi. Mpe hiyo, tafadhali usimwambie. Ikikataa kuvunjika, mpe nyingine. Nimetengeneza sita.