Memori ya Kanisa na Mbuzi wa Tatu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku njema kuliko zote mwaka huu! Kahiga, yule mwenye duka la kompyuta karibu na soko, ametangaza shindano la gemu ya mbio za magari. Ni Jumamosi hii. Kila mtu aje na mashine yake. Zawadi ni mbuzi. Mbuzi mzima, mweupe, amefungwa nje ya duka anakula maboksi.

Mbuzi huyo ni wangu. Hajajua tu.

Kwa faida ya wajukuu watakaosoma hapa: Jumamosi ya tarehe kumi na sita napeleka ntheo, mbuzi watatu wa posa, kwa Mzee Ngui, babake Kaluki. Bila mbuzi hao watatu, kwetu Ukambani huna mchumba, una rafiki. Wawili ninao, wako kwa mwaitu, mama yangu, kule Mitaboni. Wa tatu alikula sabuni mwezi wa sita, akafa. Nilishaahirisha mara moja. Kaluki ameniambia nikiahirisha tena, baba yake hatanisikiza tena, na yeye hatakuwa na la kunitetea. Na Titus yupo pale pale! Anapiga kinanda kwenye kwaya ya Kaluki. Anampigia nyimbo ambazo hakuna mtu ameomba.

Titus naye amejiandikisha kwa shindano. Mashine yake ina taa za rangi. Taa! Za kuendesha gari au za kuuza nyama?

Jumanne, 5 Agosti

Nimefanya mazoezi. Aibu. Gari linaenda kwa kuruka ruka. Miti inatokea baada ya kuigonga.

Shida ni memori. Mashine yangu ina vipande viwili vya giga nne nne. Nikaenda kwa Kahiga kuuliza kama naweza kuongeza kipande kikubwa kando ya kidogo. Akasema inaweza kukubali na inaweza kugoma. Akasema mashine hupenda vipande vilivyolingana, maana huvifanyisha kazi pamoja, na ukichanganya, cha haraka kinaishia kukingoja cha polepole. Akanishauri ninunue viwili vya aina moja.

Viwili! Bila shaka. Mfanyabiashara lazima aseme viwili. Hata muuza viatu hatakubali ununue kimoja.

Mimi nilisoma hesabu. Jumla ni jumla.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata wazo nikiwa naoga. Nimetoka na povu kichwani.

Kompyuta ya kanisa! Mimi ndiye mkuu wa skrini. Kila Jumapili nafungulia waumini maneno ya nyimbo na matangazo. Ile mashine ina vipande viwili vya giga kumi na sita kila kimoja. Thelathini na mbili, kwa kazi ya kuonyesha ubeti wa pili! Iliwekwa na mfadhili asiyejua kompyuta, Mungu ambariki.

Nimeingia mchana kweupe. Nimemwambia Ndila, mama anayesafisha kanisa, kwamba napangusa vumbi la ndani ya mashine. Amenisifu sana. Amesema vijana wa siku hizi hawajitolei hivi, akaniombea nipate mke mwema.

Nimetoa kipande kimoja. Sijaiba. Nimehamisha kwa muda, Jumapili asubuhi kitarudi.

Basi nafasi moja ikabaki tupu. Sikuipenda. Nafasi tupu ni ushahidi. Nikachomeka kimoja changu cha giga nne. Mashine ikawaka! Sasa kanisa lina ishirini na mimi nitakuwa na ishirini. Huo ndio usawa wa Kikristo.

Kipande changu kina jina langu kwa wino mweupe, kama kila kitu changu tangu Titus aondoke na chaja yangu. Si neno. Nani atafungua?

Alhamisi, 7 Agosti

Imegoma! Skrini nyeusi, mashine inalia pi, pi, pi. Nimebadilisha nafasi za vipande. Nimepuliza. Nimeomba. Nimeipiga kofi kidogo, la upendo.

Baadaye ikawaka. Ishirini! Nimempigia Titus simu kumjulisha. Akauliza nimetoa wapi memori. Nikasema kwa mjomba wangu wa Athi River. Akasema hajui kama niko na mjomba Athi River. Nikamwambia hajui mambo mengi.

Miti sasa inatokea kwa wakati. Nimeshakata fito za kumjengea mbuzi kibanda.

Jumamosi, 9 Agosti

Siandiki sana leo.

Kwa Kahiga watu walijaa mpaka mlangoni. Kaluki alikuja. Aliketi upande wangu! Raundi ya kwanza nilimshinda mwalimu mmoja. Ya pili nilimshinda Wakiuru wa duka la vitambaa, mtu hatari sana kwenye kona. Fainali ni mimi na Titus.

Mzunguko wa mwisho niliongoza. Watu wanapiga kelele. Naona daraja, naona utepe wa kumalizia, naona mbuzi kupitia dirishani. Kisha skrini ikawa buluu yote. Buluu! Kwenye skrini ya Titus, gari langu lilionekana likienda moja kwa moja mtoni bila hata kufunga breki.

Kahiga akaja, akaniuliza polepole kama nilichanganya memori. Nikasema la hasha. Akaniuliza tena. Nikasema ni stima ya Machakos.

Titus aliondoka na mbuzi kwa bodaboda. Mbuzi alinitazama. Kaluki akanishika bega, akasema tutapata njia nyingine, niende nikalale. Upole wake ndio ulioniumiza zaidi.

Jumapili, 10 Agosti

Ee Mungu wangu.

Mpango ulikuwa kufika mapema na kurudisha kipande. Nililala kwa huzuni mpaka jua likanichoma usoni. Kufika kanisani, Titus amewasha mashine mwenyewe na ibada imeanza.

Ieleweke jambo moja. Tangu mchungaji wetu apige marufuku karatasi, kanisa letu hufuata skrini. Ikisema simama, tunasimama. Ikisema keti, tunaketi. Hakuna mtu hujitungia yake. Na leo mchungaji hakuwepo. Tulikuwa na mhubiri mgeni kutoka Wamunyu.

Skrini iliandika SIMAMENI NYOTE. Ikaganda hapo hapo.

Wimbo ukaisha, watu wamesimama. Maombi yakaisha, watu wamesimama. Mgeni akaanza kuhubiri, akaona kanisa zima liko wima linamkodolea macho, hata akina nyanya, hata wenye watoto mgongoni. Akaguswa! Akasema tangu aanze kuhubiri hajawahi kuona watu wenye kiu ya neno namna hii. Machozi yakamtoka. Akafunga mahubiri yake, akafungua mengine.

Nilibonyeza vitufe vyote. Mzee Ngui yuko mstari wa pili. Mzee wa kanisa hawezi kuketi kabla ya skrini. Magoti yake ni mabovu tangu aanguke kwenye kisima. Nilimwona ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, anatetemeka, na Kaluki kule kwaya ananitazama mimi, si skrini. Nilitamani dari liniangukie.

Mwishowe nikachomoa waya wa stima. Skrini ikazimika. Kanisa zima likaketi kwa kishindo, na mhubiri akanyamaza katikati ya Paulo.

Baada ya ibada Titus akaleta bisibisi. Akafungua mashine mbele ya wazee. Akatoa kile kidogo, akakigeuza, akasoma kwa sauti yake ya besi: "KITONGA."

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeitwa kwa Mzee Ngui. Nilivaa koti, kama mtu anayeenda kortini.

Kabla ya hapo nilirudisha kipande na kuomba radhi kwa wazee. Ndila naye alikuwepo. Amesema lile ombi lake la mke mwema amelirudisha.

Kwa Mzee sikupewa chai. Nilipewa maji. Alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji moto, na Kaluki anamkanda magoti bila kunitazama. Mzee akasema Titus amemweleza yote. Kumbe hata ningeacha ile nafasi tupu, mashine ya kanisa ingefanya kazi vizuri bila mtu kujua. Kilichoigandisha ni kile kidogo changu, nilichojazia ili isionekane wazi.

Nilisubiri anifukuze. Akasema:

"Kitonga, leta hao wawili uko nao. Huyo wa tatu utaleta ukimpata, hata kama ni mwakani. Mimi sina haraka. Lakini usiniletee ujanja kwa hii boma."

Sikuamini! Nikatoka nje. Kaluki akanifuata mpaka langoni. Akasema alilia usiku kucha akinitetea, na hatanitetea mara nyingine. Ujanja mmoja tu, hata mdogo, na lango hilo atalifunga yeye mwenyewe. Nikaapa. Nampenda huyu msichana mpaka naogopa. Nimebadilika. Leo ni mtu mpya.

Ijumaa, 15 Agosti

Kesho ndiyo kesho. Mwaitu ameleta mbuzi wawili kutoka Mitaboni, wanono, wamesuguliwa wakang'aa. Amefurahi. Anasema Mzee Ngui ni muungwana, twende na hao wawili, tuinue vichwa.

Lakini wawili! Nimewatazama jioni yote. Kuna pengo pale, linaonekana hata ukiwa barabarani. Shangazi zake Kaluki watahesabu. Titus amealikwa, naye atahesabu kwa sauti ya besi.

Nilikuwa napita karibu na mto na mawazo yangu hayo. Kundi la Mzee Ngui lilikuwa linakula pale. Kuna mmoja mdogo, kahawia, amejitenga kando, hana shughuli yoyote. Mzee ana mbuzi wengi sana, hawezi kumkosa mmoja kwa siku moja. Na fikiria: kesho mchana atakuwa amerudi kwa Mzee mwenyewe! Hasara iko wapi? Sijaiba. Nimehamisha kwa muda.

Ni kweli ni mdogo kando ya wale wawili. Nitamfunga katikati. Jumla ni jumla.

Ana alama ya kukatwa kwenye sikio la kushoto, kama mbuzi wote wa Mzee. Nimemfunga utepe mwekundu hapo, rangi anayoipenda Kaluki. Amependeza! Na kwa sababu Titus atakuwepo, na namjua Titus, nimemwandika ubavuni kwa wino mweupe, herufi kubwa, mtu asije akasema si wangu: KITONGA.