Godoro la Mfalme

Jumatatu, 3 Machi
Mfalme wetu jukwaani ni shemeji, kaka wa mke wangu. Mwembamba kama ufagio! Mwongozaji kanionya: watazamaji wakimcheka mfalme Jumamosi, kazi ya mavazi anapewa fundi wa mawigi. Yule mwanamke! Leo nimemkuta na futi shingoni, anapima dirisha la chumba changu cha kushonea. Eti mapazia.

Jumanne, 4 Machi
Dawa nimeipata. Joho lijazwe sponji: mabega, kifua, tumbo. Bei ya dukani haishikiki. Lakini nyumbani si kuna godoro?

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu aliuliza godoro liko wapi. Nikasema nimelianika. Akauliza, na mvua hii? Tumelala juu ya chaga za kitanda, kanipa mgongo usiku kucha. Mbavu zinauma, roho inauma zaidi.

Ijumaa, 7 Machi
Mazoezi ya mwisho. Shemeji kaingia na joho, hakuna aliyecheka! Mfalme kamili! Fundi wa mawigi akauliza kama tumejaribu kuanguka nalo. Nikamwambia ashughulike na nywele zake. Kijicho tu.
Shemeji naye hana kifua, kamwambia dada yake kila kitu. Mke wangu kafungasha, kaenda kwa mama yake. Kasema nisimfuate.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwisha! Malkia alikufa, watu wakalia. Mfalme akachomwa kisu, akaanguka, akadunda! Akaanguka tena, akadunda tena, akabingirika hadi miguuni pa watazamaji. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata maiti ya malkia ilicheka, nililiona tumbo likitikisika. Mwongozaji hakufoka. Aliniomba ufunguo wa chumba, basi. Nililia nyuma ya pazia, machozi nikiyafutia joho lile lile.

Jumapili, 9 Machi
Chumba ni cha fundi wa mawigi sasa. Nyumbani chaga tupu na mimi. Sijawahi kuwa mpweke hivi.
Nimewaza mpaka kichwa kikauma, na kosa langu nimeliona: godoro letu lilikuwa jipya mno. Mfalme anataka sponji iliyochoka! Mwongozaji akiliona joho jipya, atanirudisha.
Naenda kwa mama mkwe kumwomba mke wangu msamaha. Nitapiga magoti, nitakiri yote. Makochi ya mama mkwe yamekaliwa miaka na miaka. Mkasi nimeutia mfukoni.