Paa la Damalie Lavuka Mpaka

Serikali ilikuwa na furaha kubwa kuwatangazia wananchi wa kijiji cha Masaba kwamba hawakupigwa na kimbunga. Tangazo lilisomwa redioni na Bwana Isaac Mangeni, Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Kupokea Maafa, huku ameshika mwavuli, maana paa la studio nalo lilikuwa limeondoka. Kimbunga, alifafanua, hutoka baharini. Uganda haina bahari. Basi kilichong'oa migomba, kikaezua kijiji kizima na kumtundika mbuzi wa kasisi juu ya mvule kiitwe jina lake la haki: Upepo wa Kawaida Uliozidisha Bidii.

Mangeni hakuwa mtu mbaya, jamani. Alikuwa mtu wa utaratibu. Aliitisha semina Tororo, wajumbe wakala kuku kwa niaba ya waathirika, na kabla ya chai ya jioni wakapitisha msaada wa dharura: vipeperushi vya rangi vyenye maelekezo ya kujikinga na upepo. Vililetwa Masaba kwa lori. Lori lilipofunguliwa, vipeperushi vikaishi sawasawa na jina lao, vyote vikapeperuka. Mangeni aliandika kwamba usambazaji umefanikiwa kupita matarajio.

Kilichomsumbua ni mwanamke mmoja, Damalie, mjane mkaanga samaki. Nyumba yake ilikuwa mwisho kabisa wa kijiji, pale mtaro mmoja tu unapoitenga Uganda na Kenya. Paa lake liliruka mtaro na kutua juu ya banda la kuku la jirani yake, Oguttu. Tangu hapo Damalie alilala chini ya kitanda na wajukuu zake, kwa kuwa kitanda ndicho kitu pekee kilichobaki juu yao, na kila jioni wingu jeusi lilikuwa likijikusanya upande wa ziwa.

"Mkubwa, mabati yangu iko pale. Naiona kwa macho," Damalie alimwambia Mangeni alipokuja kukagua.

"Pale wapi, mama?"

"Kwa Oguttu."

"Kwa Oguttu ni Kenya."

"Kenya gani! Nikitema mate inafika!"

Ng'ambo ya mtaro Oguttu alipaza sauti. "Damalie, kuja uchukue vitu zako! Kuku wangu hawalali, upepo ikija kidogo tu mabati inapiga kelele kama disko!"

Mangeni aliinua mkono kuwatuliza wote wawili, Waganda na Wakenya.

"Mabati haya yaliondoka yakiwa paa," alisema kwa upole. "Yakirudi ni bidhaa. Bidhaa inataka kibali na saini ya msafirishaji. Bila hivyo ni magendo."

"Msafirishaji si ni upepo!"

"Ndiyo, mama. Tutamsubiri arudi."

Damalie akarudi kwa samaki wake. Mangeni alimwonea huruma ya kweli, na huruma hiyo akaiweka kwenye ripoti. Ripoti ilihitaji pia mafanikio, kwa hiyo akaongeza kwamba nyumba ya mjane Damalie imekwisha kuezekwa na serikali, asilimia mia moja.

Ripoti nzuri ina miguu. Ilimfikia Mheshimiwa Waziri mwenyewe huko juu, naye akaipenda mno, akaamua kuja kulizindua paa hilo mbele ya kamera za televisheni. Alifika asubuhi, suti ya kijivu, mkasi wa kukatia utepe mfukoni. Waandishi walikuwa nyuma, njiani kutoka Tororo. Mheshimiwa aliingia ndani ya nyumba, akatazama juu, akaona mbingu.

"Mangeni. Paa la serikali liko wapi?"

"Liko Kenya, Mheshimiwa."

"Linafanya nini Kenya?"

"Linamsubiri msafirishaji."

Wakatuma watu madukani Busia. Hakuna hata bati moja, mji mzima ulikuwa ukiezeka. Mheshimiwa alitazama saa, akatazama barabara ya Tororo, kisha akavua koti na kumkabidhi Damalie.

"Mama," alinong'ona, "njia ya panya ni ipi?"

Wakaenda na kurudi, yeye na Mangeni, mmoja mbele mmoja nyuma, mabati vichwani, wakichechemea kwenye tope la mtaro. Waendesha boda, ambao ndio wataalamu wa njia ile, waliegesha pikipiki zao wakawa wanawafundisha. "Inama, mzee! Kichwa chini! Mtu wa magendo hatembei na kifua mbele!" Oguttu alikuwa akishusha, Damalie yuko juu ya kenchi anagongelea. Mangeni alilowa jasho hadi kwenye soksi, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alihisi kazi inasonga. Walikuwa na bati la mwisho pale sauti ilipotoka kwenye mihogo.

"Wazee. Karatasi."

Alikuwa afisa wa forodha, Joan Apendi, kijana, buti zake safi.

"Binti," alisema Mheshimiwa chini ya bati, "unajua mimi ni nani?"

"Kila mtu wa magendo ananiulizaga hivyo."

"Sisi ni serikali!" alilia Mangeni. "Muulize mama yule pale juu!"

Vumbi la gari la televisheni lilikuwa tayari linaonekana. Joan akainua uso.

"Mama, hii bati ni ya nani?"

Damalie alitoa misumari mdomoni. "Yangu, mwanangu. Tundu lake kwa paa ndiyo hii hapa."

"Basi ipande juu. Na hawa wabebaji? Wanasema eti ni serikali. Unawajua?"

Damalie aliwatazama vizuri, kuanzia matope ya magotini hadi bati lililokuwa vichwani mwao.

"Hapana," alisema. "Serikali mimi naijua sana. Hiyo haijawahi beba kitu."