Uzinduzi wa Kimo Kipya cha Mstari, Dolni Gaber

Mheshimiwa Meya, Waheshimiwa Madiwani, Baba Padri, Kamanda wa Zimamoto, Mwenyekiti wa Kwaya ya Wastaafu pamoja na Makamu wake ambaye hawasemezani naye, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, na yeyote niliyemsahau ajihesabu ametajwa! (Makofi, ya Makamu peke yake.)

Mimi, Plamen Karadzhov, Mratibu Mkuu wa Mageuzi ya Kidijitali, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia. Mtakumbuka wazee walilalamika kwamba maandishi ya kompyuta yetu ya kugusa, ya kuombea kuni za msaada wa manispaa, ni madogo, nami, kiongozi msikivu, nikaagiza herufi zikuzwe maradufu, zikakuzwa. Ila kimo cha mstari kikaachwa palepale, mistari ikapandana, wa juu ukaukalia wa chini kichwani, jambo ambalo sisi wataalamu tunaliita changamoto. (Sauti: "Sisi tunaliita upumbavu!")

Ni kweli, Bibi Tsvetana, huyo hapo mbele, alibonyeza "Naomba kuni", kompyuta ikapokea mstari uliolaliwa, "Mwombaji amefariki". Lakini tazameni ufanisi! Jioni ileile tangazo la msiba wake, lenye picha nzuri, lilikuwa limeshabandikwa mlangoni kwake. (Bibi Tsvetana: "Majirani wamekula ngano ya kuchemsha ya matanga yangu, mwanangu, hata mimi nilionja! Kuni ndizo sijaziona, na theluji hiyo inaanguka!" Vicheko.) Bibi, kwa mujibu wa mfumo, wewe huhisi baridi.

Wapo wabezaji wanaosema eti kimo cha mstari ni namba moja tu ndani ya programu, unaibadilisha kisha unaenda kunywa kahawa. Namba moja! Manispaa haiendeshwi kwa namba moja! Tumeunda kamati, tumefanya upembuzi yakinifu, tumekwenda ufukweni kiangazi chote kujifunza nafasi baina ya miavuli, na wadau wameridhika kwa asilimia mia na arobaini. (Kikohozi. Mtu anakoroma.)

Sasa, vuta pazia! Oneni kompyuta mpya, oneni mistari ilivyoachana kwa heshima! Mstari juu! Mstari juu zaidi! (Mbwa anabweka.)

Nihitimishe kwa kumshukuru seremala wetu, Bwana Zhelyazko, aliyeichonga yote kwa mti wa mwaloni, na mkewe aliyeichora mistari kwa mkono. Msiibonyeze, rangi haijakauka, na ile inayowaka kwa umeme itafuata mchakato utakapoanza.

(Bibi Tsvetana anapanda jukwaani, anaigonga kwa kidole. "Mwaloni mkavu kabisa huu! Baba Padri, hebu shika upande huo.")

Bibi, hiyo ni mali ya manispaa! Baba Padri, na wewe? Bibi!

(Wanashuka nayo, wanatoka mlangoni. Ukumbi mzima unasimama, makofi hayaishi.)

Asanteni, asanteni sana. Katibu, andika kwenye ripoti: marehemu amepata kuni.