Petroli Haimwagwi

Jumatatu, 13 Oktoba 2025
Nimetoka zamu nikiwa hoi. Gari limekohoa mara moja kwenye taa za Southall, hapa London. Ijumaa binti yangu Shiku anafanya mtihani wa udereva kwa gari hili hili. Amesubiri nafasi miezi mitano. Mwalimu wake wa udereva alitaka atumie gari la shule, nikakataa. Wana watatu wa jirani yangu Surinder, fundi mstaafu wa magari mzaliwa wa Nakuru, walifaulu mara ya kwanza kwa gari la baba yao, na hachoki kunikumbusha. Kikohozi kile ni petroli mbaya tu. Nyumbani Kenya waliichanganya na mafuta ya taa. Hapa watashindwaje?

Jumanne, 14 Oktoba
Nimenunua petroli kwenye kidumu. Mbinu nimeipata kwenye simu: tia maji kiasi, tia petroli, tikisa, acha itulie. Maji yakiongezeka, kuna kitu. Nimetumia chupa aliyonyonyea Shiku, ina mistari ya kupimia. Maji yamepanda mistari miwili. Wezi! Nimepima mara tano, jibu lile lile. Kila chupa nimeimimina kwenye tangi la gari. Mtu wa Nyeri hamwagi petroli.

Jumatano, 15 Oktoba
Gari limezima mara mbili. Ushahidi huo. Nimekwenda kituoni na chupa mkononi. Msichana wa kaunta amenionyesha maandishi ya pampu: petroli yao ina ethanoli, aina ya pombe, hadi asilimia kumi. Amesema ethanoli hukimbilia maji, ndiyo maana yanaonekana kuongezeka. Mtoto mdogo, maneno mengi. Nikamuuliza mbona gari linazima. Akamwita mteja aliyefuata. Nimerudi nikapima mara nne zaidi. Tangini zote.

Alhamisi, 16 Oktoba
Gari limekataa kuwaka. Shiku amelia jikoni kwa Kiingereza, na imenichoma moyo. Nimemeza kiburi nikamwita Surinder. Amelikausha tangi lote. Chini kulikuwa na maji karibu nusu lita. Akauliza, mzee, haya yameingilia wapi? Nikasema labda mvua. Ametia lita tano mpya kutoka dumu lake, injini ikanguruma. Kaniagiza nisiguse kitu mpaka kesho. Kisha akanikumbusha habari za wanawe.

Ijumaa, 17 Oktoba
Sijagusa kitu. Nimepima tu petroli aliyobakiza Surinder kwenye dumu. Chupa nane, kwa uhakika. Maji yamepanda vile vile. Hata fundi kauziwa mbovu, maskini. Nikaimimina yote tangini, nikamkabidhi Shiku ufunguo.

Gari limezima kwenye mzunguko wa pili wa barabara, mtahini akiwa ndani. Shiku amerudi kwa basi. Ameniomba nisimsemeshe, akapanda chumbani. Nimesimama chini ya ngazi muda mrefu, nimeumia kweli. Nafasi nyingine ni Februari.

Februari ni mbali. Nina muda wa kupima kila kituo kuanzia hapa hadi Rayners Lane. Nimenunua chupa kubwa zaidi.