Hoja ya Kaburi la Odilia

Jumanne, 3 Mei

Barua ya halmashauri imefika. Kaburi la mke wangu Odilia linatimiza miaka ishirini na mitano, na hapa kwetu kaburi haliruhusiwi kuzidi hapo. Kwa hiyo majira ya baridi jiwe litang'olewa, ardhi itasawazishwa, na nafasi yake atapewa maiti mwingine. Wanashukuru kwa uelewa wangu. Uelewa gani? Sina!

Na mimi je? Daktari anasema moyo wangu hautafika kiangazi kijacho. Kijijini kwetu tunazikwa kwa safu, kwa mpangilio wa kufa, kama watu wa foleni ya posta. Nitalazwa kando ya yeyote aliyetangulia kufa wiki hiyo, huku mtu nisiyemjua akilala juu ya Odilia. Haiwezekani.

Padri amenihimiza nijiandae kwa maungamo. Nimemjibu kwamba nitaandika kwanza, nione kama nina lolote. Hadi sasa nina hasira tu, na ni hasira ya haki.

Uamuzi: hoja ya wananchi! Mpiga kura mmoja kati ya kila kumi akitia sahihi, mkutano wa kijiji hauna budi kuipigia kura. Makaburi yakae miaka arobaini, na mwenzi aruhusiwe kuzikwa kaburi hilohilo. Nimeiandika asubuhi hii, pamoja na utangulizi wa aya tatu. Maandishi mazuri sana.

Jumamosi, 7 Mei

Dragana, muuguzi anayekuja kila asubuhi kunivalisha soksi za kubana, alinisukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mbele ya duka nikakusanye sahihi. Nikamkuta nani? Sepp Zurfluh! Mtengeneza jibini mstaafu, jirani yangu wa ghorofa ya juu, mlaghai wa karata tangu ujana wetu. Ana meza. Ana mwavuli. Ana keki ya karoti. Anakusanya sahihi ili kijiji kijenge choo cha umma kwenye kituo cha treni. Watu wamepanga mstari. Kwa ajili ya choo!

Kwangu walikuja baadaye, maana nusu ya kijiji nimewafundisha mimi. Lakini miandiko yao! Nilifundisha maisha yangu yote, na hawa bado wanaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Walipopita wachache tu nilishindwa kuvumilia, nikamnyang'anya mtu kalamu. Kuanzia hapo walinitajia jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani, nikaandika mwenyewe. Wao wakaweka sahihi tu. Kurasa zikapendeza kama mwaliko wa harusi.

Dragana akauliza kama inaruhusiwa. Nikamwambia ameishi hapa tangu akiwa msichana na bado hajapata uraia wala haki ya kupiga kura, kwa hiyo asinifundishe sheria. Akanirudisha nyumbani kwa njia ya mawe. Kiuno bado kinauma.

Jumapili, 15 Mei

Sahihi zimetimia, tena zimezidi! Baada ya misa niliwaambia akina mama wa kwaya kwamba choo cha Zurfluh kitamwaga uchafu kwenye kisima. Si kweli. Pengine hili ni la kuungama. Nimeliwekea alama ya kuuliza.

Ijumaa, 20 Mei

Msiba. Bi Gisler, karani wa halmashauri, ameninywesha chai kwanza, nami nikajua mambo si mazuri. Nilimfundisha huyu. Alikuwa msichana mwoga. Sasa ana miwani ya mnyororo na sheria mkononi.

Amesema kila mtu lazima aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Sahihi peke yake haitoshi. Nikamwambia nimeandika vizuri kuliko wao.

"Ndiyo shida yenyewe, Mwalimu," akasema. "Huu ni mwandiko mmoja. Kwa macho ya sheria, kijiji kizima ni wewe."

Zimekubaliwa tisa tu, za wale wa mwanzo walioandika wenyewe, mabingwa wa mwandiko wa kuku. Nyingine zote hazina kazi. Nikamwambia alipata alama mbaya ya insha na sasa naelewa kwa nini. Akanifungulia mlango kwa heshima zote. Hiyo ilinichoma zaidi.

Jumatatu, 23 Mei

Siwezi kurudi dukani. Nikikaa kitini muda mrefu, miguu inavimba. Nimelala kutwa, nimetazama picha ya Odilia, nimekasirika.

Jioni Zurfluh akashuka. Amesikia. Wote wamesikia! Akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Balthasar, nipe mimi hizo karatasi. Wewe watu wakikuona wanadhani wamerudi kwenye mtihani."

Nikamjibu kwamba sitaki hisani ya mtu wa vyoo. Mke wangu hatalindwa na keki ya karoti. Nikafunga mlango. Nilikusudia kuubamiza, lakini ni mzito, na Zurfluh ndiye aliyenisaidia kuusukuma kutoka upande wa pili.

Jumamosi, 11 Juni

Zurfluh anakusanya sahihi! Dragana ameniambia huku akicheka. Yule bwana ameisajili hoja yangu upya kwa jina lake. Maneno ni yangu, ila utangulizi wangu wa aya tatu ameukata ukawa sentensi moja: "Waacheni walale pamoja." Huo ni utangulizi? Hiyo ni amri ya yaya!

Nimempigia simu mwoka mikate nikamwonya kwamba hoja hii itapandisha kodi. Nimempigia mke wa daktari wa mifugo. Nimempigia hata padri. Padri akauliza kama naelewa kwamba napigana na kaburi langu mwenyewe. Nikakata simu.

Ijumaa, 25 Novemba

Mkutano mkuu wa kijiji, ukumbi wa mazoezi wa shule. Jana daktari alinikataza kwenda. Nimekwenda. Dragana aliketi nyuma, kwenye viti vya wasiopiga kura.

Zurfluh alisimama na kusoma ile sentensi yake. Akaketi. Basi! Watu wakanyamaza namna ambayo darasani kwangu hawakuwahi kunyamaza. Mwenyekiti akawaita wanaokubali. Mikono ikapanda ukumbi mzima kama shamba la mahindi. Kisha akawaita wanaopinga.

Nilijua vizuri ninachokitaka. Nimekitaka tangu siku ile ya barua. Lakini nilimwona Zurfluh amekunja mikono tumboni kama mtu aliyeshiba, na mkono wangu ukapanda.

Mwenyekiti akauliza kwa upole kama Mwalimu anataka kwenda msalani. Nikasema hapana, napinga. Akahesabu: mmoja. Dragana alifunika uso.

Imepita. Odilia habanduki. Nitalazwa naye. Nilitaka kulia, na ningelia kama Zurfluh asingekuja kuniinamia sikioni.

"Basi tutakuwa majirani, Mwalimu. Si unakumbuka mke wangu Agatha alimfuata Odilia wiki moja tu baadaye? Wako safu moja, makaburi yamegusana. Mimi naingia kwake, wewe kwako."

Akanipigapiga begani.

Jumamosi, 26 Novemba

Sikulala. Pumzi fupi, miguu kama magogo. Lakini kichwa kiko sawasawa. Miaka yote hiyo kando ya Zurfluh! Chini! Bila mlango!

Kwa hiyo: hoja mpya. Kila kaburi lizungushiwe ua wa miti mifupi, mnene, usiopenyeka. Dragana amesoma, akasema nipumzike, kisha akasema maneno ya kwao ambayo hakuyafasiri.

Nilihitaji sahihi ya kwanza, na siwezi kutoka. Nikagonga kwa fimbo bomba la kupasha nyumba joto, linalopanda hadi kwake, mpaka Zurfluh akashuka. Nilitaka aone kwa macho yake. Akaketi kitandani kwangu, akasoma polepole, akaandika jina lake kwa herufi zinazosomeka kabisa, akatia sahihi.

Amesema ni wazo zuri. Ua utatukinga sote wanne na upepo.

Nimeichana karatasi. Jumatatu naanza upya, na safari hii ni ukuta.